Ardhi Si Mboga za Sokoni: Kumchagua Wakili na Kufanya Naye Kazi Unaponunua Kiwanja

Maneno ya maofisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wakaazi wa mpakani, Busia, Uganda

Mmezoea kutusikia tukizungumza habari za wizi wa mifugo, magendo na usalama wa barabarani. Leo tumeomba nafasi ya kusema juu ya jambo lisilo na kelele linapoanza, ila linapotufikia kituoni mara nyingi limekwisha kuzaa majeraha. Jambo lenyewe ni ununuzi wa ardhi.

Mtu huweka akiba kwa miaka kumi. Huuza mahindi, huvusha bidhaa kwa halali, hukata posho ya nyumbani, mpaka apate fedha za kiwanja kimoja. Kisha fedha hizo zote hutolewa kwa alasiri moja, chini ya mwembe, mbele ya dalali na mashahidi wawili, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Miezi sita baadaye hutokea ndugu wa muuzaji akidai kwamba shamba ni la ukoo. Au hutokea mnunuzi wa pili mwenye karatasi kama ile ile. Au hutokea mke aliyekuwa safarini, naye hakuulizwa. Hapo ndipo panga hutolewa, nasi huitwa usiku.

Ni lazima tuseme wazi mipaka ya kazi yetu. Polisi wanaweza kuchunguza hati ya kughushi, fedha zilizochukuliwa kwa udanganyifu, vitisho na kupigana. Polisi hawana mamlaka ya kuamua shamba ni la nani. Hilo ni kazi ya mahakama. Hata tukimkamata tapeli na kumfikisha mbele ya hakimu, fedha ulizompa huenda zimekwisha kuliwa, na kifungo chake hakikurudishii kiwanja. Kwa hiyo kinga yako iko kabla ya kulipa, na mtu wa kukusaidia kuiweka kinga hiyo ni wakili.

Majaji wa Uganda walikwisha kutukumbusha, katika hukumu ambayo hutajwa mara nyingi mahakamani, kwamba ardhi si mboga za kununuliwa kwa muuzaji usiyemjua, na kwamba mnunuzi anatakiwa kuichunguza ardhi na kumchunguza anayeiuza. Maana yake ni kwamba mnunuzi aliyefumba macho hawezi kuitegemea mahakama imhurumie kwa kuwa hakuona.

Wakili ni nani, na si nani

Katika miji yetu ya mpakani wako watu wengi wanaoandika mikataba. Yuko karani mwenye mashine ya kuchapa, yuko dalali mwenye muhuri, yuko kijana aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya wakili, na yuko mwenyekiti wa LC1. Hatuwadharau. Mwenyekiti ni shahidi muhimu, kwa sababu anawajua wakaazi wake na historia ya mashamba yao. Lakini shahidi si wakili, na muhuri wa kijiji hauhamishi umiliki. Vivyo hivyo mkataba wa mauzo hauandikwi katika kituo cha polisi. Ofisa yeyote akikuambia uulete kwake aupige muhuri ili upate nguvu, usikubali.

Wakili kwa sheria ya Uganda ni mtu aliyehitimu sheria, akapata mafunzo ya kazi, na jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili. Juu ya hayo anatakiwa kuwa na cheti cha mwaka husika kinachomruhusu kufanya kazi, na cheti hicho hufika mwisho wake tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo cheti cha miaka mitatu iliyopita kilichotundikwa ukutani hakikwambii lolote juu ya leo. Ofisi yake nayo hukaguliwa na Baraza la Sheria na kupewa hati ya kukubaliwa. Omba kuviona vyote viwili. Wakili wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Ukitaka uhakika zaidi, uliza kwa Msajili wa Mahakama au kwa Chama cha Mawakili cha Uganda kama jina hilo linatambulika mwaka huu.

Kisha muulize maswali ya kawaida, kama unavyomuuliza fundi kabla ya kumpa kazi ya nyumba. Je, amezoea kazi za ardhi, au yeye ni wa kesi za jinai? Anazijua ardhi za kimila za huku kwetu, au amezoea ardhi zenye hati za mjini tu? Nani hasa atakayeshughulikia faili lako, yeye mwenyewe au karani wake? Malipo yake ni kiasi gani, na ndani yake mna nini? Ziko kanuni zinazoongoza malipo ya mawakili, na katika mauzo ya ardhi malipo hayo hufuata thamani ya ardhi. Mwombe akuandikie hesabu mbili mbalimbali: ada yake yeye, na gharama za serikali. Watu wengi hugombana na mawakili wao kwa sababu fedha hizo zilitajwa kwa jumla moja.

Tunasisitiza jambo moja kuliko mengine: wakili wako asiwe wakili wa muuzaji. Mara nyingi dalali husema, “Tutumie wakili huyu huyu, tupunguze gharama.” Muuzaji anataka fedha mapema, nawe unataka uhakika kabla ya kutoa fedha. Mtu mmoja hawezi kuwatumikia nyote wawili hapo mnapopingana. Na wakili uliyeletewa na dalali, ambaye dalali ndiye anayempa kazi kila wiki, mfikirie vizuri kabla ya kumkabidhi akiba yako.

Kazi anayotakiwa kukufanyia

Ukisha kumchagua, mweleze kila kitu. Mpe jina kamili la muuzaji, nakala ya kitambulisho chake, nakala ya hati kama ipo, na habari za mahali shamba lilipo. Naye atakuomba kitambulisho chako na kukuuliza fedha zimetoka wapi. Usione kwamba anakudharau. Sheria ya mwaka 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha imewawekea mawakili wajibu huo katika mauzo ya ardhi, na hapa mpakani, ambapo fedha za nchi mbili hupita mkono kwa mkono, wajibu huo una maana kubwa.

Kama ardhi ina hati, kazi ya kwanza ni upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda. Upekuzi huonyesha nani ameandikwa kuwa mwenye ardhi, kama benki imeishikilia kwa mkopo, na kama mtu ameweka kaveati, yaani zuio la kuuzwa kwake. Hati aliyonayo muuzaji mkononi haitoshi, hata ikiwa na muhuri mwekundu na karatasi nzito. Hati hughushiwa, daftari la serikali ndilo la kulinganisha nalo. Jina likiwa la marehemu, muulize muuzaji barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kuwa mtoto wa marehemu peke yake hakumpi mtu uwezo wa kuuza.

Kazi ya pili haifanyiki ofisini. Wakili, au mtu wake, afike shambani pamoja nawe na mpima ardhi aliyesajiliwa. Mawe ya mpaka yatafutwe yote. Tumeona viwanja ambavyo hati inasema nusu eka, na kamba ya mpima inasema robo. Na tumeona hati ya kiwanja kimoja ikiuzwa kwa kuonyeshwa kiwanja kingine. Waulizeni majirani wa pande zote nne. Ukikuta mtu amelima au amejenga hapo, usiambiwe tu kwamba “huyo ataondoka.” Muulize mwenyewe yupo kwa haki gani.

Kando ya maji pana hatari yake. Katiba ya mwaka 1995 inaiweka mito, maziwa na ardhi oevu katika mikono ya serikali kwa niaba ya wananchi wote, na kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Victoria. Anayekuuzia bwawa la matete huko ziwani kwa bei nafuu anakuuzia kesi.

Ardhi ya kimila na ardhi ya familia

Sehemu kubwa ya ardhi za vijijini kwetu haina hati. Ni ardhi ya kimila, nayo ni mojawapo ya aina nne za umiliki zinazotambuliwa na Katiba, pamoja na milki huru, mailo na ukodishaji wa muda. Kutokuwa na hati si kutokuwa na mwenyewe. Hapa upekuzi hufanywa kwa watu: wazee wa ukoo, majirani, mwenyekiti wa LC1, na kamati ya ardhi ya eneo. Wakili mzuri huwaita hao wote wakae mahali pamoja, mipaka itembelewe mchana mbele yao, na majina yao yaingie katika mkataba. Kama muuzaji anataka mauzo yafanywe kimya kimya, jiulize anamficha nani. Na baada ya kununua, mwombe wakili akuongoze kuomba cheti cha umiliki wa kimila au hati ya milki huru kupitia bodi ya ardhi ya wilaya.

Ardhi ambayo familia inaishi juu yake, au inayoilisha familia, haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ardhi inasema hivyo bila kificho. Mauzo yaliyofanywa bila ridhaa hiyo ni batili. Na hata mnunuzi aliyekuwa na nia njema hubaki na haki ya kudai fedha zake tu, ardhi haipati. Kwa hiyo wakili wako atake ridhaa ya maandishi, na mwenye kuitoa awepo mwenyewe, asikike kwa sauti yake. Mwanamume akikuambia, “Mke wangu nimekwisha kuzungumza naye,” mjibu kwa heshima kwamba unafurahi kusikia hivyo, na kwamba utamngoja mama afike.

Kwa ndugu zetu walioko Mutukula na upande wa Buganda, iko habari ya kibanja. Pale mtu mmoja anaweza kuwa na hati ya mailo na mwingine akawa na kibanja juu ya ardhi hiyo hiyo, na wote wawili wanalindwa na sheria. Mwenye kibanja akitaka kuuza, mwenye ardhi apewe nafasi ya kwanza na ridhaa yake itafutwe. Na mwenye ardhi akitaka kuuza, mwenye kibanja naye apewe nafasi ya kwanza. Ukinunua hati bila kuwauliza walio juu ya ardhi, umewanunua pamoja nayo, wala huwezi kuwafukuza kwa mabavu. Ukituita tuje tuwaondoe, tutakuuliza amri ya mahakama.

Mpaka wa nchi ni mpaka wa sheria

Sisi wa Busia tunavuka mpaka kwenda sokoni, kanisani, msikitini na kwa mashemeji. Baadhi yetu hudhani kwamba Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza kazi tarehe 1 Julai 2010, limefungua na milango ya ardhi. Haikuwa hivyo. Itifaki yenyewe inasema kwamba upatikanaji na utumiaji wa ardhi utaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama.

Basi tujue. Nchini Uganda, mtu asiye raia hawezi kuwa na milki huru wala mailo. Anaweza kukodishiwa kwa muda usiozidi miaka 99. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 nayo inamwekea asiye raia ukomo wa ukodishaji wa miaka 99. Tena ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, nayo iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, na bila idhini hiyo mauzo huwa batili. Nchini Tanzania, ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo mwajiri wakili mwenye cheti cha kufanya kazi katika nchi ambamo ardhi imo. Wakili hodari wa upande huu si lazima awe na ruhusa upande ule, hata kama ofisi yake iko hatua mia tatu kutoka lango la forodha.

Ziko njia za mkato ambazo tunawaonya nazo. Iliyo maarufu ni hii: mtu asiye raia hununua shamba kwa jina la shemeji yake aliye raia, kwa kuaminiana. Shemeji akiwa hai, mambo hutulia. Akifa, daftari linasoma jina lake, na watoto wake wanadai mirathi ya baba yao. Mwenye fedha hana karatasi ya kuonyesha. Na akiwa na karatasi, karatasi hiyo inaonyesha kwamba alitaka kuikwepa sheria. Njia nyingine ni kitambulisho cha nchi mbili kilichopatikana kwa hila. Huko kunakuongezea kosa la jinai juu ya hasara ya ardhi. Wakili akikushauri lolote kati ya haya, mwache, utafute mwingine.

Mkataba, fedha na hati mpya

Mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Kama hukisomi, iko sheria ya Uganda inayokulinda: anayekuandikia waraka katika lugha usiyoielewa anatakiwa akusomee, akueleze, kisha aandike jina lake kamili na anwani yake kuwa ndiye mwandishi. Usione haya kusema, “Nifasirie tena.” Aliyeona haya kwa dakika kumi amewahi kulipa kwa miaka kumi.

Mkataba utaje pande zote kwa vitambulisho vyao, ukubwa wa ardhi na majirani zake, bei na aina ya fedha, shilingi ya Uganda au ya Kenya, awamu za malipo na tarehe zake, siku ya kukabidhiwa, na jambo litakalofanyika upande mmoja ukivunja ahadi. Malipo yapitie benki ili yaache alama. Fedha za mteja anazoshika wakili hukaa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zake mwenyewe; muulize akaunti hiyo ni ipi, na udai stakabadhi ya kila shilingi. Usibebe mifuko ya noti kuvuka mpaka. Mbali na hatari ya wezi, fedha isiyo na alama haina shahidi.

Kama ardhi ina hati, usimalize kulipa kabla muuzaji hajatia sahihi fomu za uhamisho na kukabidhi hati yenyewe kwa wakili wako. Muulize wakili kama inafaa kuweka kaveati katika kipindi hicho, ili muuzaji asiiuze mara ya pili wakati nyaraka zako zingali njiani. Baada ya hapo mthamini wa serikali hukadiria thamani, na ushuru wa stempu hulipwa, ambao kwa uhamisho ni asilimia 1.5 ya thamani hiyo. Kiwanja kilichokadiriwa shilingi 40,000,000 kitatozwa shilingi 600,000. Weka fedha hizo kando tangu mwanzo. Wako wanunuzi waliomaliza akiba yao kwa muuzaji, wakaacha nyaraka kabatini kwa miaka mingi, na daftari likabaki na jina la mtu mwingine. Tena, asikushawishi mtu kuandika bei ya uongo ili ushuru upungue. Siku ya mgogoro, bei iliyoandikwa ndiyo utakayoambiwa ulilipa.

Kazi haijaisha mpaka umeishika hati yenye jina lako na kufanya upekuzi wa mwisho kuona kwamba daftari linasema vivyo hivyo. Mpaka siku hiyo, mpigie wakili simu, mwandikie, muulize faili liko wapi. Weka nakala zako nyumbani katika bahasha moja, na mwenzako wa ndoa ajue bahasha iko wapi.

Mambo yakiharibika

Wakili akila fedha zako au akikutelekeza, peleka malalamiko kwa kamati ya nidhamu ya Baraza la Sheria. Ikiwa ni wizi au kughushi, njoo kwetu pia, na uje na stakabadhi, ujumbe wa simu na majina ya mashahidi. Ukigundua kwamba umetapeliwa katika ununuzi, njoo siku hiyo hiyo. Fedha iliyopita benki jana huweza kufuatiliwa, ya mwaka juzi ni vigumu. Lakini usiende shambani na vijana wenye marungu. Tumewahi kumkamata mtu mwenye haki kamili ya ardhi, kwa sababu alikwenda kuidai kwa damu.

Wazee wetu, mna neno kubwa katika hili kuliko sisi. Ninyi mnaijua mipaka ya zamani kabla ya hati na mawe. Mkiitwa kuwa mashahidi wa mauzo, ulizeni: mke yuko wapi, ndugu wako wapi, wakili wa mnunuzi ni nani? Yasipojibiwa, msitie sahihi. Kukataa kwenu kwa asubuhi moja kunaweza kuokoa nyumba mbili.

Tutabaki hapa kwa maswali, na mwenye shauri la faragha atuone pembeni. Kama kuna aliyepanga kulipa wiki hii, tunamwomba kwa heshima: ahirisha kidogo, tafuta wakili kwanza.